Mchanga Kwenye Buti la Ensio

Kila Jumamosi Sylvi huoka mkate mtamu wa iliki, huufunga kwenye kitambaa, kisha huendesha gari hadi mjini. Huko dada yake Lempi anatunzwa katika nyumba ya wazee.

Theluji ilipoyeyuka mwaka huu, gari lilianza kuvuta kushoto, upande yanakotokea malori ya magogo. Jumamosi moja Sylvi aligeuza gari njiani, akarudi nyumbani.

"Siendeshi tena!" alimwambia mumewe, Ensio. "Lori limenikosa hivi!"

"Lakini bibie, juzi tu mafundi wa gereji wamelinyoosha magurudumu yaelekee sawa. Tena haraka haraka, hata kahawa yangu haikupoa."

"Ndiyo hapo sasa! Na Lempi yuko dirishani ananisubiri."

Neno hilo lilimchoma Ensio. Akalipeleka gari kwa jirani yao Raija, mwanamke fundi mwenye mdomo mkali. Mimi, jirani yao mwingine, kazi yake huisifu popote nilipo. Hakukimbilia mashine ya kupimia magurudumu. Alianza kwa kufungua buti.

"Mzee Ensio! Unajenga ghorofa?"

Ilikuwa mifuko ya mchanga. Sisi wa huku kaskazini huipakia wakati wa baridi ili magurudumu ya nyuma yashike theluji. Jua likija, tunaisahau.

"Mchanga una kosa gani, binti?"

"Unalemea nyuma, pua ya gari inainuka. Magurudumu ya mbele hayasimami kama kawaida yake. Waliunyoosha mchanga wako, si gari."

Ensio aliishusha mifuko huku masikio yamemwiva kwa aibu. Raija akapima upepo wa matairi yote. Akainua gari mbele na kulitikisa gurudumu la kushoto.

"Shika mwenyewe. Unasikia linavyocheza? Tairodi imelegea, hiki chuma kinachounganisha gurudumu na usukani. Kunyoosha hivi ni kutwanga maji kwenye kinu."

"Basi badilisha zote mbili."

"Ya kulia nzima. Nzima siigusi, hata ukinibembeleza."

Alibadilisha ile moja. Ndipo akapima, akanyoosha, akamwonyesha Ensio vipimo vya kabla na vya baada. Mwisho wakalijaribu gari barabarani. Lilikwenda sawa, usukani umetulia.

"Wale hawakufungua hata buti," Ensio alilalamika.

"Na wewe hukuwaambia. Fundi aulize, mwenye gari aseme."

Jumamosi iliyofuata Sylvi aliondoka na mkate wake. Kwenye kona ya ziwa lori la magogo likaja. Alikaza mikono kwenye usukani. Gari halikuyumba. Lori likapita, na Sylvi akajikuta anacheka peke yake kwa furaha.

Lempi alikuwa dirishani, kikombe mkononi.

"Wiki nzima nakunywa kahawa kavu kwa ajili yako," alinung'unika, macho yamemlowa. "Haya, kata mkate."