Betri Si Ng'ombe

Adero alikuwa amekagua kila kitu. Alisafisha vichwa vya betri, akabadilisha nyaya za chaja, akapima umeme wa ukutani. Jambo moja tu halikumpitia akilini: maji.

Ilikuwa mwaka wa 1989, naye alikuwa ametoka shule ya sekondari. Mama yake, Perez, alimwachia chumba kimoja cha duka lake la nafaka sokoni Otonglo. Vijiji vya jirani havikuwa na umeme. Watu walileta betri za gari kwa baiskeli, Adero akazichaji, nao wakazirudisha nyumbani kuwasha redio na runinga.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Kisha malalamiko yakaanza.

"Nyathina, mtoto wangu, moto wa betri yangu unaupeleka wapi?" aliuliza Mzee Oketch, ambaye kijiji kizima kilitazama mpira kwake. "Jana mechi haijaisha, picha ikasinyaa. Wachezaji wakawa wembamba kama vidagaa vya omena!"

"Niliichaji ikajaa, Mzee."

"Basi ulichaji ya mtu mwingine."

Waliokuwepo walicheka. Perez hakucheka.

"Krismasi ikifika hali ikiwa hii," alimwambia bintiye, "narudisha magunia yangu ya nafaka katika chumba hicho."

Adero alimwendea jirani yao Wakhisi, fundi wa umeme wa magari. Wakhisi alikuja dukani, akafungua kizibo cha betri ya Oketch, mwenyewe akiwapo, akachungulia.

"Nani hutia maji humu?"

"Mimi mwenyewe," Oketch alijibu kwa fahari. "Maji ya kisima. Nainywesha mpaka ijae kabla ya kuileta. Ng'ombe asiponywa, atatoa maziwa?"

"Mzee, betri si ng'ombe! Mama Adero, hebu leta birika lako la chai."

Ndani ya birika mlikuwa na ukoko mweupe.

"Mnaona? Maji ya kisima yana chumvichumvi. Ndani ya betri, uchafu huo humaliza nguvu hata kama imechajiwa vizuri. Tieni maji ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Yafunike tu sahani za ndani, hivi vibamba mnavyoviona. Ukijaza mpaka juu, asidi itafurika ikuunguze. Na wewe Adero, unapochaji fungua madirisha. Sigara na moto vikae mbali, kwa sababu hewa inayotoka kwenye betri hulipuka."

"Na hii yangu itapona?" Oketch aliuliza.

"Hiyo tuizike tu, Mzee."

Oketch alinunua betri mpya. Adero akampa sharti moja: "Usifungue kizibo. Ikiwa na kiu, nitajua mimi."

Tangu siku hiyo hakuunganisha betri yoyote kabla ya kuangalia maji yake. Kila mteja alionyeshwa lile birika. Wengine walimwita mwenye maringo kwa kuwakataza maji ya kisima, wakahamia kwingine.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, watu walijaa kwa Oketch kutazama mpira. Kipindi cha kwanza kikaisha. Cha pili kikaanza, Adero akashindwa kukaa. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, picha ilikuwa bado imejaa kioo chote.

"Nyar Perez! Binti wa Perez ameshinda!" Oketch alipaza sauti, watu wakashangilia kana kwamba Adero ndiye aliyefunga bao.

Mwezi wa Januari, Perez alimpa chumba cha pili.

Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, Adero alikuwa na kampuni ya umeme wa jua, yenye maduka Kisumu na Sondu. Hakuna mteja aliyeondoka na betri kabla ya kufundishwa kuitunza. Kule Otonglo, betri zilizokuwa zikifa kabla ya mwaka kuisha sasa zilidumu miaka mitatu, na nyingine minne.