Dawa ya Muda Mrefu ya Providence

Kila mwezi Donatille aliteremka kutoka Mwese kwenda Mpanda kuchukua dawa ya binti yake, Providence, mwenye kifafa. Njia ikiwa kavu alipanda pikipiki. Mvua zikiiharibu alikwenda kwa miguu. Mumewe, Ladislas, alimwonea huruma, lakini hakujua la kufanya.

Mwezi wa Februari mto ulifurika, Donatille akakwama njiani. Nyumbani dawa ikaisha. Providence akaanguka jikoni, karibu na moto. Ladislas akamvuta haraka.

Donatille alipofika, amelowa chapachapa, alimkuta jirani yao Hilaria, nesi wa zahanati, akimwangalia mtoto.

"Mama Providence, nyie si mna bima?" Hilaria aliuliza. "Mbona mnapewa dawa ya mwezi mmoja tu?"

"Ndivyo wanavyotupa, dada."

"Mkataba mmeusoma?"

"Bado," Ladislas alijibu. "Maneno ni mengi mno."

Wakausoma pamoja, taratibu.

"Hapa wanasema 'dawa ya muda mrefu,'" Hilaria alieleza. "Kwenye mkataba wenu, ni dawa aliyoandika daktari kwa ugonjwa unaohitaji matibabu mfululizo zaidi ya miezi mitatu. Kifafa kimo. Mnaruhusiwa kuchukua ya miezi mitatu kwa mara moja. Ila daktari lazima aandike kwamba ni ya muda mrefu. Asipoandika, bima inaihesabu kama dawa ya kawaida."

"Bima zote ziko hivyo?" Donatille aliuliza.

"Hapana. Kila mkataba unayaeleza maneno haya kivyake. Usome, usipoelewa uulize."

Safari iliyofuata walikwenda wote watatu, mama, baba na mtoto. Mbele ya daktari Ladislas alitazama chini. Donatille hakutazama chini.

"Daktari, mwanangu anaihitaji dawa hii kwa miaka. Naomba uandike kuwa ni ya muda mrefu."

Daktari alisoma faili, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, mama. Nitaandika. Lakini umlete nimpime kila dawa inapokaribia kuisha. Na asiache kumeza, hata akionekana mzima."

Ladislas alimtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Masika yaliyofuata njia ilikatika tena. Safari hii dawa ilikuwepo ndani. Siku ya Pasaka Providence aliimba kwaya, mstari wa mbele, sauti yake ikisikika kanisa zima.

"Huyu si yule mtoto wa kuangukaanguka?" mtu mmoja alinong'ona.

"Ndiye," Ladislas alijibu. Akamwonyesha Donatille kwa kidole. "Na yule pale ndiye mama yake."