Magurudumu ya Alfajiri

"Deolinda, huu uzi wa nini?"

Deolinda alishtuka usingizini. Taa ilikuwa inawaka na mumewe amesimama miguuni pa kitanda, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, ameshika uzi wa pamba kwa vidole viwili. Ncha moja ya uzi ule ilikuwa imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wa Deolinda. Ncha nyingine ilipita juu ya kiti, ikatokea dirishani, ikaning'inia barabarani.

"Nimekuuliza. Uzi wa nini?"

"Wa kuniamsha."

"Akuamshe nani?"

"Dada Auristela, jirani yetu. Akipita anavuta, mimi naamka, tunaenda misa ya alfajiri. Desemba hii kila mtu anafunga uzi, Silvério. Hata vikongwe. Kaangalie nje, utaona nyuzi kila dirisha."

"Misa."

"Na... na kuserereka kidogo. Kwa viatu vya magurudumu. Kabla ya misa kuanza."

Silvério aliutazama uzi. Deolinda akakaa kitandani akisubiri. Alisubiri kofi, tusi, kicheko, chochote kile. Mwanaume akauachia uzi taratibu kama anarudisha kitu cha watu, akachukua miwani yake aliyoisahau juu ya kabati.

"Vaa sweta," akasema. "Nje baridi."

Mlango ukafungwa. Deolinda akasikia hatua zake zikishuka mtaani kurudi tanuruni, akavuta shuka mpaka usoni, akalia. Angegombezwa angejua ajibu nini. Sasa mtu atajibu nini kwa sweta?

Huo ulikuwa mwaka 1955, mtaa wa La Pastora, Caracas. Deolinda alikuwa amefika tangu Machi akitokea kisiwa cha Madeira, huko Ureno, akiwa tayari mke wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Ndoa ilifungwa kwenye kanisa la kijijini kwao, kaka yake mkubwa akasimama mahali pa bwana harusi na kusema "nakubali" kwa niaba ya Silvério, aliyekuwa ng'ambo ya bahari anaoka mikate. Wasichana wengi wa kisiwani waliolewa hivyohivyo. Wengine walibahatika wakapata wacheshi.

Silvério hakuwa mtu mbaya. Hampigi, hanywi, hamnyimi kitu. Tatizo lake moja tu: haongei. Anaamka usiku wa manane kwenda kukanda unga, anarudi mchana, anakula, anasema "chakula kizuri," analala. Deolinda anashuka dukani kukaa kaunta, anawauzia watu mikate kwa Kihispania cha kuokoteza, anafunga, anarudi, anamkuta bado amelala. Jioni wakikutana mezani unasikia vijiko tu. Siku nyingine Deolinda alijikuta anaongea na sufuria.

Ndipo Desemba ikaingia na Auristela, mjane mshona nguo wa nyumba ya pili, akamfunga uzi kidoleni kwa nguvu.

Na alfajiri ile, kabla machozi hayajakauka, kidole kikavutwa.

"Wewe Mreno! Amka! Unataka nibaki na kidole mkononi?"

"Nakuja, dada!"

"Njoo na uso mwingine. Huo wa jana ulikuwa kama wa msibani."

Barabara ilikuwa imefungiwa magari. Watoto, wazee, wasichana na mama zao, wote juu ya magurudumu ya chuma yanayonguruma kwenye lami kama treni, wengine wamevaa sweta juu ya nguo za kulalia. Ngoma na magitaa madogo vinaimba nyimbo za Noeli, mama mmoja anauza chokoleti ya moto kwenye kona. Deolinda alikaa kwenye ngazi ya mlango, akakaza viatu vyake kwa kile kifunguo kidogo cha chuma, akasimama. Viatu vikataka kumkimbia.

Mkono ukamshika.

"Legeza magoti, mrembo. Ukijikaza unaanguka."

Alikuwa Asdrúbal, kijana wa duka la dawa. Meno meupe, nywele zimepakwa mafuta, maneno hayamwishi. Tangu alfajiri ya kwanza ndiye aliyekuwa akimfundisha, na Deolinda hakuuliza kwa nini kati ya watu wote wa La Pastora amemchagua yeye.

"Umelala vizuri?"

"Kidogo."

"Umeota nini?"

Deolinda akageuka kumtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ameota nini tangu ameshuka melini.

"Nimemwota mbuzi wetu wa nyumbani," akasema. "Alikuwa anakula pazia."

Asdrúbal akacheka mpaka watu wakageuka. Deolinda naye akacheka. Wakateremka mtaa mzima hivyo, wameshikana mikono, wakapita mbele ya duka la mikate lenye mlango uliofungwa na moshi ukitoka juu, wakaendelea.

"Mwokaji wako anakwambiaga nini asubuhi?"

"Hasemi."

"Mimi ningekuwa na mke kama wewe, kazini ningechelewa kila siku."

Lilikuwa neno la kijinga, na Deolinda alijua ni la kijinga. Ila alirudi nalo nyumbani, akalirudia moyoni siku nzima kama mtoto anayemung'unya peremende ili isiishe upesi.

"Binti," Auristela alimwambia wakitoka kanisani, "huyo kijana maneno yake anagawa bure. Hata mimi na umri huu ameshanigawia."

"Ananifundisha tu, dada."

"Hm. Na mimi nashona tu."

Mchana mmoja, zikiwa zimebaki siku chache Krismasi iingie, simu ya dukani ikalia. Deolinda alikuwa peke yake kaunta.

"Halo, duka la mikate."

"Nampata mwenye duka?" Sauti ya msichana, ina haraka.

"Amelala."

"Na wewe nani?"

Deolinda akafungua mdomo aseme mimi mkewe. Kitu kikamzuia.

"Mimi... nauza tu hapa kaunta."

"Basi mpe ujumbe bosi wako. Mwambie mkewe amfunge kamba. Siyo ya kidole, ya shingo!"

"Kwani amefanya nini?"

"Anaserereka na mwanaume wangu kila alfajiri, wameshikana mikono, mtaa mzima unaona! Asdrúbal. Mimi mchumba wake, Nereida, nakaa Catia. Harusi yetu Februari. Mama ameshaanza kushona shela, unaelewa? Shela!"

Deolinda akaegemea kaunta. Mteja alikuwa anaingia, naye akamwonyesha kwa mkono asubiri.

"Halo? Upo?"

"Nipo."

"Dada, niambie ukweli. Huyo mke wa bosi unamwona kila siku. Ni mzuri?"

Deolinda akajitazama kwenye kioo cha kabati la keki. Uso mwembamba, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Hapana," akasema. "Wa kawaida tu."

"Sasa anampa nini?"

"Hampi kitu. Anaongeleshwa."

"Anaongeleshwa? Basi?"

"Basi. Anaulizwa ameota nini. Nyumbani kwake hana mtu wa kumuuliza."

Kule upande wa pili Deolinda akasikia mtu akipenga kamasi.

"Hata mimi haniongeleshi siku hizi," Nereida akasema, na sauti haikuwa tena ya ugomvi. "Akija kwetu anakula, anaangalia saa, anasema amechoka, ameamka mapema."

"Pole."

"Dada, usimwambie mwenye duka. Atampiga. Mwambie yeye mwenyewe tu, huyo mwanamke."

"Nitamwambia."

"Lakini kwa upole. Eti kaka yake ndiye alisimama kanisani badala ya bwana harusi? Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mungu wangu," akasema Nereida, akakata simu.

Alfajiri iliyofuata Asdrúbal alimnyooshea mkono kama kawaida. Deolinda akaupokea, wakaanza kuteremka.

"Mbona kimya leo, Mreno wangu?"

"Nereida anakusalimu."

Gurudumu la Asdrúbal likagonga jiwe. Akayumba, akajiweka sawa.

"Nereida gani?"

"Yule ambaye mama yake anashona shela."

"Aa." Akajaribu kutabasamu. "Sikiliza, harusi ni harusi na kuserereka ni kuserereka. Ningekwambia."

"Lini?"

"Krismasi ikipita. Sikutaka kuharibu."

"Kwa nini mimi, Asdrúbal? Mtaa umejaa wasichana wanaojua kusimama."

Kijana akatazama chini.

"Unataka ukweli? Ulikuwa unanisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Mimi naongea sana, najua. Wengine wote wananicheka."

"Basi kaongee na Nereida. Na yeye anasikiliza."

Deolinda akauachia mkono wake.

Hakuwahi kuserereka peke yake. Mtaa ulikuwa unateremka, magurudumu yakashika kasi, nyumba zikaanza kupita mbio, na kwa muda mfupi hakuwa na mume, hakuwa na kijana wa duka la dawa, hakuwa na kisiwa. Kisha pembe ya barabara ikaja, akainua mikono, akaanguka juu ya kiganja cha kushoto. Kitu ndani ya kifundo cha mkono kikalia, *ka!*

Kengele ya misa ilikuwa inagonga. Watu walikuwa wamegeuka kuelekea kanisani, Auristela akiwa mbele kabisa. Asdrúbal alibaki kule juu, hakuteremka. Deolinda akajaribu kufungua viatu. Kile kifunguo kilitaka mikono miwili. Akajaribu kwa meno, ikashindikana. Basi akainuka akishika ukuta, akaburuzika nyumba kwa nyumba, magurudumu yakilia peke yake kwenye mtaa uliobaki mtupu, mpaka kwenye mlango wa duka la mikate. Akaugonga kwa paji la uso.

Silvério alifungua. Alimwangalia juu mpaka chini, akamwona mkono alioukumbatia.

"Umevunjika?"

"Sijui. Viatu vimekataa kutoka."

Akambeba. Hakuwahi kumbeba hata siku ile ya kwanza. Akamkalisha kwenye gunia la unga karibu na tanuru, akapiga magoti, akafungua viatu kimoja baada ya kingine, akamfunga kifundo cha mkono kwa kitambaa cha kufunikia unga. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto ambayo Deolinda hakuwahi kuyaona kwa karibu.

"Misa ikiisha nakupeleka hospitali."

"Silvério. Kuna mtu alikuwa ananishika mkono."

"Najua."

"Unajua?"

"Wanaonunua mkate wana midomo. Tena mnapita hapa mbele."

"Na hukusema kitu?"

Silvério akakaa sakafuni, mgongo kwenye meza ya unga. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, ikazidi kuchafuka.

"Siku ya kwanza nilisimama hapo nyuma ya mlango na koleo la tanuru. Nilitaka kumvunja meno. Halafu nikakusikia unacheka. Sikuwa nimewahi kukusikia unacheka. Nikaona nikitoka, utaacha."

Deolinda akauma midomo.

"Kwa nini huongei na mimi? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sema!"

"Bandarini," akasema mwanaume. "Siku uliyoshuka melini. Nilisimama pale na maua. Ulinitazama usoni ukanipita. Ukaenda kumtafuta mtu mwingine."

"Nilikuwa namtafuta kijana mwenye nywele! Picha uliyotuma ilikuwa ya kijana mwenye nywele!"

"Ndiyo picha pekee niliyokuwa nayo. Ya zamani."

"Mimi ningejuaje?"

"Usingejua. Ila niliuona uso wako uliporudi ukaambiwa ni mimi. Nikajua umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikasema basi, nisimsumbue na maneno, angalau apumzike."

"Miezi yote hii nilidhani mimi ndiye sikukupendeza."

Silvério akamtazama kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza usiku.

"Januari kuna meli," akasema mwishowe. "Ukitaka kurudi kwenu, nitakupeleka bandarini mwenyewe. Hakuna atakayekusema. Nitawaambia kosa ni langu."

"Unataka niende?"

Kuni zikapasuka ndani ya tanuru. Deolinda aliujua ukimya ule, alikuwa ameishi ndani yake tangu Machi, akaona safari hii hatauvumilia.

"Nimekuuliza, Silvério. Unataka niende?"

"Hapana."

"Sijasikia."

"Hapana! Sitaki uende. Nakuta sahani yangu imefunikwa, najua kuna mtu ndani ya nyumba. Sitaki uende."

Deolinda akalia, kilio cha sauti cha kwao kisiwani, bila kuziba mdomo. Silvério akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena mpaka ukafika begani kwake.

"Mimi sijui kuongea," akasema. "Miaka kumi naongea na unga."

"Basi niulize kitu."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Usiniulize kama chakula kipo."

Mwanaume akafikiri. Alifikiri muda mrefu, uso umekunjamana kama anabeba gunia.

"Ulipokuwa mdogo," akasema, "mlikuwa mnalala wangapi kitanda kimoja?"

"Wanne. Mimi ukutani. Dada yangu Fernanda alikuwa anapiga mateke."

"Sisi tulikuwa watano. Mimi ndiye nilikuwa napiga mateke."

Deolinda akacheka, machozi bado mashavuni. Akamsimulia habari za Fernanda, na za baba yao aliyeimba fado, zile nyimbo za huzuni za Kireno, akinywa, na za mbuzi wao ambaye kweli aliwahi kula pazia la padri. Silvério akauliza padri alisema nini. Akauliza na rangi ya pazia. Harufu ya mkate ikaanza kubadilika. Mwokaji aliisikia kabla ya mkewe, akageuza kichwa kidogo kuelekea tanuruni, kisha akamgeukia tena.

"Halafu?" akauliza. "Mbuzi mkamfanya nini?"

Nje misa ilikuwa imeisha. Magurudumu yakarudi kunguruma, foleni ikajipanga mlangoni, watu wakaanza kugonga.

"Silvério!" Sauti ya Auristela ilizidi zote. "Moshi umejaa mtaa mzima! Mikate inaungua! Mmekufa humo ndani?"

Deolinda akainua kichwa, akajibu kwa nguvu zake zote, kwa kile Kihispania chake cha kuokoteza:

"Hatujafa, dada! Subirini kidogo. Tunaongea!"