Nzi Kwenye Machweo

Nzi walianza kutua upande wa kulia wa skrini, pale machweo yalipokuwa mekundu kuliko kwingine. Binti wa studio, aliyeitwa Sindano kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona picha, aliwafukuza kwa rula. Wakarudi palepale, wakasugua miguu.

"Hata nzi wanajua kitu kizuri," bosi alicheka. "Kaza mwendo, mwanangu. Mteja anafika jioni, anataka jangwa lake ukuta mzima."

Picha zilitoka kwa kaka yake Sindano. Alikwenda jangwani peke yake, akaiweka kamera juu ya mtambo unaojizungusha wenyewe, ikapiga picha moja baada ya nyingine, kila moja ikibeba kipande cha jirani yake ili ziunganike. Alirudi jana. Tangu arudi hajaoga, na sasa alikuwa kwenye kochi nyuma ya dada yake, anatafuna. Anatafuna nini? Hakuna aliyemwona akitia kitu mdomoni. Na hamezi. Taya linapanda, linashuka, mate yanamchuruzika hadi kwenye kola, na harufu, jamani, ni ya friji la nyama lililokatiwa umeme.

"Kaka, tema basi," Sindano akasema. "Unanitia kichefuchefu."

Kaka akatabasamu, taya likiendelea.

Picha za kwanza zilishonana vizuri: mchanga, mawe, anga la zambarau. Kisha Sindano akaona mtu, mbali, mdogo kama punje, amevaa kofia ya kaka. Kwenye picha iliyofuata mtu huyo alikuwa anakimbia. Iliyofuata, ameanguka, mkono juu. Ya mwisho ilikuwa nyekundu tupu.

Alidhani lenzi ilitazamana na jua. Akaikuza. Wekundu ule ulikuwa na vipele, vipele vilivyolowa kama vya ulimi, na ute mzito ulining'inia kutoka juu hadi chini kama uji unaomwagika, na kompyuta ilikuwa imeuunganisha na jangwa bila kulalamika, kwa kuwa ukingo wa mchanga ulishikana na ule ulimi kama ngozi moja, na hapo kwenye mshono, nusu mchangani nusu ndani ya kinywa kile, alikuwa yule mtu mdogo, na mkono wake, ambao Sindano aliuona umeinuliwa, sasa ulikuwa unapunga.

"Bosi," akanong'ona. "Njoo. Usigeuke nyuma."

"Nini tena?"

"Huyu kwenye picha ni kaka."

"Kaka yako si huyo kwenye kochi?"

"Sikiliza anavyotafuna. Hajameza. Kaka bado yuko huku, bosi. Niache niing'oe hii nyekundu, labda nitamtoa."

Bosi akageuka. Na tuseme ukweli: aliona. Aliona kile kitu kwenye kochi kikitoa ulimi, kikiupandisha hadi jichoni na kulamba nzi kwenye kope. Jasho likamtoka. Asiyeona unaweza kumsamehe. Huyu aliona, akameza mate, akatazama saa ya ukutani.

"Mimi sijaona kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Wekundu ndio atakaoupenda mteja, unabaki. Huyo mtu anaharibu mandhari. Mfute."

"Nakuomba, bosi. Ni mtoto wa mama yangu."

"Sogea."

Sindano alikishika kipanya kwa mikono miwili. Bosi akamfinya vidole mpaka vikaachia, akaburuta mara moja tu. Mchanga ukafunika, laini, kana kwamba hapajawahi kukanyagwa.

Nyuma yao kutafuna kukakoma. Ikasikika sauti ya kitu kizito kikiteremka kooni polepole, kikakwama, kikasukumwa, kikashuka. Kisha mbweu ndefu, ya moto, iliyowafikia shingoni.

"Unaona?" bosi akasema. "Safi kabisa."

Kile kitu kikasimama, kikajifuta midomo kwa mkono wa shati. Kilipozungumza, sauti ilikuwa ya kaka, kaka mwenyewe, hata ule mkwaruzo wake.

"Mdogo wangu, zima kompyuta. Twende nyumbani."

Sindano alikwishaufikia mlango, mgongo umeugandia. "Nyumbani hakuna mtu," akadanganya.

Kikamsogelea, kikainama, kikamnusa begani, taratibu, kama mtu anayenusa chungu jikoni.

"Mama yupo," kikasema kwa upole. "Amekukumbatia leo asubuhi."