Ngano ya Delbert

Jukwaa la watazamaji la uwanja wa Marlett lilianza kuwaka Alhamisi, saa mbili na nusu jioni, jua la Kansas likiwa bado halijazama. Kufikia saa tatu zilikuwa zimebaki nguzo za pembeni na moshi. Mbao zake zilikuwa zimekaushwa na viangazi zaidi ya sabini, na wazima moto wa kujitolea walipofika hawakuwa na la kuokoa. Walimwagia maji ghala la nafaka la jirani lisije likashika, basi.

Moto ulipoanza, naibu sherifu Noreen Pivonka alikuwa barabarani nje ya mji, redio ya gari ikitangaza mechi. Marlett walikuwa ugenini. Hadi duru ya sita mrushaji wao alikuwa hajapigwa hata pigo moja safi, na katika besiboli hilo ni jambo lisilotajwa, maana likitajwa huharibika. Wachezaji humkwepa mrushaji kama mwenye ndui, mashabiki hujifanya wanatazama mawingu, na mtangazaji ndiye anayetakiwa kuwa na ulimi mzito kuliko wote. Delbert Unruh, aliyewatangazia watu wa Marlett tangu Noreen yuko shule ya msingi, alikuwa na dawa yake: hali ikifika hapo, huanza kuzungumzia ngano. Ngano imefika kiunoni, ngano inataka mvua, ngano ya fulani imelala kwa upepo. Mji mzima ukisikia ngano ya Delbert, hujua, na hunyamaza naye.

Lakini jioni ile kipaza sauti alikuwa nacho Janelle, mke wa kocha, ambaye hakukulia huku. Akasema kwa furaha ya mtu aliyeokota noti, "Jamani, mpaka sasa hawajampiga hata moja."

Noreen aligonga usukani kwa kiganja. Mpira uliofuata ukapigwa, ukaruka, ukatua majanini.

"Mdomo huponza kichwa, mama," Noreen aliiambia redio. Kabla hajamaliza, redio ya polisi ikaita: jukwaa linawaka.

Ijumaa asubuhi Sherifu Kolb alikuwa tayari na mtu wake. Rondell Tolliver, mrushaji kutoka Mississippi, aliyebaki mjini kwa sababu ya kiwiko kibovu, alikuwa ameketi mahabusu na mkono wake umefungwa barafu iliyokwisha kuyeyuka. Kolb alimhesabia Noreen makosa ya kijana. Mchana wa Alhamisi aliambiwa kwamba atarudishwa kwao. Saa kumi na moja alionekana akitembea na dumu la petroli. Karibu na majivu pameokotwa kiberiti chake cha gesi. Na mahali moto ulipoanzia, chini ya jukwaa, pananuka petroli mpaka leo.

Kisha akamwambia lililokuwa likimkera zaidi. Mwenyekiti wa ligi amepiga simu. Kama uwanja umechomwa na kijana mwenye hasira zake, Marlett watamalizia msimu katika uwanja wa jirani na watabaki ligini. Kama mkono wa uongozi wa klabu umo, ndiyo kwaheri, jina linafutwa.

"Kwa hiyo afadhali awe Rondell," alisema Noreen.

"Mimi sikusema afadhali. Nimesema ni yeye."

Noreen alijua hesabu hiyo ilivyokaa vichwani mwa watu. Ligi ya Bonde la Sandy ilianzishwa na wakulima waliorudi vitani, miji minane iliyoona aibu kukaa Jumapili bila mchezo. Kila kiangazi vijana wa vyuo waliletwa kutoka mbali, wakayaacha magongo yao ya chuma, wakashika ya mbao, wakalala katika nyumba za wenyeji na kula mezani kwao mpaka Agosti. Halafu miji ikaanza kudondoka. Pale Gorsuch shule ilifungwa, kisha benki, kisha timu. Uwanja wa Tilden Wells siku hizi ni maegesho ya matrekta mabovu. Kati ya ile minane ya mwanzo, Marlett peke yake ndiyo iliyobaki, na watu wake walijivunia hilo kama mjane anavyojivunia pete.

Alimhoji Rondell mwenyewe. Kijana alijibu akitazama sakafu. Kiberiti alikipoteza wiki iliyopita. Alizoea kukaa jukwaani peke yake akivuta sigara. Petroli ilikuwa ya mashine ya kukatia majani ya mzee anayemhifadhi. Baada ya hapo alipika supu. Mzee alikunywa, akameza dawa, akalala, na hakuna mwingine wa kumshuhudia.

"Unaniamini?" aliuliza.

"Bado sijamaliza kazi."

"Hilo ndilo jibu la hapana la watu wenye adabu," alisema Rondell, akageukia ukuta.

Noreen alikwenda kwenye majivu na reki. Chini ya jukwaa palikuwa na ujia, na ukuta wa zege wa ujia ule ndio uliokuwa historia ya ligi: picha za kila timu tangu kiangazi cha kwanza, kila moja katika fremu ya kioo. Baba yake alikuwamo humo, kijana, kofia upande. Penye kibanda cha soda alikuta chupa zilizoyeyuka zikafanya mabonge. Penye picha alireki, akapepeta, akapiga magoti, akachambua kwa vidole. Hakupata kioo, hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Misumari ilikuwa ingali ukutani, imenyooka, kama meno kwenye fuvu.

Moto haubebi vioo. Kuna mtu alizishusha picha kwanza.

Alianza na Curtis Voth, mwenye ghala la nafaka, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiumezea mate uwanja ule. Voth alikuwa akila mahindi ya kuchemsha barazani, hakusimama. Alisema jioni nzima alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya harusi ya binti yake, kasisi anaweza kuulizwa, na Noreen baadaye alimuuliza na ilikuwa kweli.

"Halafu nikuulize na mimi," alisema Voth. "Vumbi la ngano hulipuka. Niwashe moto ukutani mwa ghala langu? Noreen, mimi bahili, si mwehu."

Kutoka hapo alikwenda kwa rais wa klabu. Alvin Dreiling alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, na ndiye aliyemfundisha kushika gongo baba yake alipofariki. Enzi zake alikuwa mdakaji, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevunjwa na mipira mpaka vikaelekea kila upande, kama matawi. Alimkatia Noreen pai ya zabibu, akamimina kahawa. Macho yalikuwa mekundu, na Noreen aliona hilo ni haki yake.

Alieleza kwa utulivu. Alikuwa nyumbani tangu saa kumi na mbili, peke yake, akisikiliza mechi. Moshi hakuuona mpaka watu walipompigia simu.

"Na mchezo ulikuwa mzuri," alisema, akitikisa kichwa. "Duru ya tano tu Delbert kaanza ngano yake. Nikajua. Sikuthubutu hata kunyanyuka kwenda chooni, nisije nikaharibu."

Noreen aliendelea kutafuna. Pai ilikuwa tamu, na kuimeza ilimchukua muda mrefu.

"Asante, mjomba," alisema.

Hakurudi ofisini. Alikwenda kwa Delbert Unruh, mwenyeji wa Rondell. Majani ya ua yalikuwa yamekatwa, yangali na harufu mbichi, na dumu lilikuwa kibarazani kando ya mashine. Delbert alifungua mlango akiwa na skafu shingoni katika joto la kuivisha tikiti. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Alinong'ona, na kila neno lilimtoa machozi. Koo lilimfunga Alhamisi mchana, kwenye ngazi za basi la timu. Janelle ndiye aliyeamshwa usingizini ndani ya basi akapewa kipaza sauti. Noreen alimuuliza kama alizungumza hewani hata dakika moja, hata salamu.

"Hata kikohozi," alinong'ona Delbert. Kisha akamshika mkono. "Yule kijana kanipikia supu. Mchomaji hapiki supu."

Noreen alikaa garini mbele ya nyumba ile na injini imezimwa. Kuna mambo mtu huyajua kabla hajakubali kuyajua. Mwongo wa nje angesema amesikia mechi, akaishia hapo. Aliyelelewa na ligi hii ndiye tu angeupamba uongo wake kwa ngano.

Alimkuta Alvin bandani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na mbele yake, zimeegemezwa kwenye marobota ya majani, zilikuwa picha zote. Vioo vilikuwa vimefutwa vikang'aa. Hakushtuka.

"Mjomba, Delbert hakwenda jana. Koo limemfunga. Aliyetangaza ni Janelle."

Alvin alifikiri kidogo.

"Janelle? Na ile hali, alifanyaje?"

"Alilitaja."

"Alilitaja kabisa?"

"Kabisa. Hewani."

"Ee Mungu. Wakapiga?"

"Mpira uliofuata."

Alvin alifunika uso kwa vile vidole vyake vya kupinda. Noreen aliona kwamba huzuni ile haikuwa ya kuigiza. Aliketi kwenye robota. Alimwambia kuhusu vioo visivyokuwapo majivuni. Mjomba wake hakukana. Alisema alizishusha Alhamisi hiyohiyo, baada ya basi kuondoka, akazileta kwa gari lake, kisha akarudi na petroli.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tumekwisha kufa, mwanangu. Viongozi wa ligi walikata shauri mwezi wa nne. Msimu ukiisha nafasi yetu inakwenda kwa mji wenye taa na viti vya plastiki. Waliniambia mimi peke yangu, wakaniomba ninyamaze mpaka Agosti."

Noreen alikumbuka simu ya mwenyekiti, na ahadi yake kwamba Marlett watabaki ligini. Ilikuwa pole ya mdomoni tu.

"Juzi nilipita Gorsuch," aliendelea Alvin. "Ng'ombe kasimama palepale nilipokuwa napiga magoti kudaka. Anajikuna kwenye nguzo. Miji saba nimeizika hivyo, polepole, ubao mmoja mmoja. Sikutaka sisi tuachwe. Nilitaka tunyang'anywe. Aliyenyang'anywa hupewa pole. Aliyeachwa hupewa nini?"

"Na Rondell?"

"Sikujua kama watamkamata."

"Leo unajua. Tangu asubuhi unajua."

"Ningesema."

"Lini?"

Alvin alitazama picha, safu kwa safu, vijana wenye kofia wakikunja uso kwa jua. "Wao huondoka Agosti," alisema. "Wote huondoka."

"Si kwa pingu, mjomba. Huyu kalala katika nyumba zetu."

Alvin alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ile aliyotumia kumfundisha asiogope mpira.

"Ni wewe tu unayejua. Usitaje. Kama mchezoni, Noreen. Lisilotajwa halivunjiki."

Noreen alimwona baba yake ndani ya kioo, kofia upande. Angeweza. Mji mzima ungemsaidia kunyamaza, ndio uliomfundisha.

"Hiyo huokoa mchezo, mjomba," alisema. "Haiokoi mtu."

Alimsaidia kuvaa kofia. Pingu hakumfunga. Mkono ule, alijiambia, ulikwisha kufungwa na mchezo kitambo.

Kijana aliachiwa Jumamosi. Sherifu Kolb alimnyooshea mkono, Rondell akautazama mpaka ukashuka. Alipita kwa Delbert kuchukua begi, akamwachia supu iliyobaki na maelezo ya namna ya kuipasha, kisha Noreen akampeleka kituo cha basi. Alipokuwa akishuka, kijana aliuliza tu kama mzee Alvin ndiye yule aliyempokea mwezi wa sita kwa kumwambia, "Hapa ni kwenu."

"Ndiye," alisema Noreen.

Rondell alibeba begi kwa mkono mzima na hakugeuka.

Mwenyekiti wa ligi hakungoja Agosti. Jina la Marlett lilifutwa siku hiyohiyo, na sasa alikuwa na sababu nzuri ya kuwaambia watu. Dukani, wanawake waliokua na Noreen waligundua ghafla kwamba kuna kitu cha kusoma kwenye mikebe ya maharage. Voth peke yake alimsalimu, na salamu hiyo ilimuuma kuliko kimya cha wengine.

Jumapili jioni, saa ya mechi ambayo haikuwapo, Noreen alikuwa amekaa garini mbele ya misumari ya ukuta. Aliwasha redio kwa mazoea, akitarajia mkwaruzo. Badala yake alisikia mtu akisafisha koo mara mbili. Sauti ilikuwa imepasuka, lakini ilikuwa yenyewe.

Delbert hakutaja ligi. Hakumtaja Alvin wala moto. Alisema ngano ya upande wa magharibi imekauka vizuri, wavunaji wataingia kesho kama umande hautazidi. Alisema ile ya kusini mwa mto imelala kwa upepo, sijui kama itainuka. Alinyamaza, akavuta pumzi, akaanza tena na shamba lililofuata.

Katika nyumba zote za barabara ile madirisha yalikuwa wazi kwa joto, na kutoka kila dirisha Noreen alisikia ngano ileile. Hakuna aliyezima.