Shibiri ya Mwanahija

Mjomba Mtoro alikuwa fundi bati, na karakana yake ilikuwa uani kwetu, hapa Bagamoyo mjini. Katika likizo ya mwezi wa sita mwaka 1971, nilipokuwa darasa la sita, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia vipande vya bati, kuwasha makaa ya kulehemia, kisha kusikiliza malalamiko ya mjomba. Alilalamikia umande uliolowesha makaa. Alilalamikia bati la siku hizi kwamba ni jepesi mno. Alilalamikia mkasi niliokuwa nimeutundika kwenye msumari wa nyundo. Mpaka chai iwe tayari mimi nilikuwa hoi, na siku yenyewe haijaanza.

Jumamosi moja mama, Bi Mardhiya, alirudi kutoka bomani mbio mbio, buibui limemponyoka begani.

"Kaka! Wamenichukua!" alisema huku akihema.

"Nani kakuchukua, na mbona uko hapa?" mjomba alimjibu bila kuinua kichwa.

Mama alicheka, akaeleza. Limekuja gari la afya, lori lililojengewa nyumba mgongoni, lenye vitanda viwili na kabati la dawa. Litazunguka vijijini kuwafundisha kina mama mapishi ya watoto wadogo, na Bwana Afya, yaani Bwana Mwishehe, amemchagua yeye awe mwalimu wa mapishi. Safari ya kwanza ni Alhamisi alfajiri, kwenda Miono.

"Ila gari halina jiko," mama alisema. "Ubavuni chini lina sanduku la chuma lenye mlango, tupu kabisa. Bwana Afya anasema jiko likikaa humo kabla ya Alhamisi, nakwenda. Lisipokaa, gari litachukua dawa tu na mimi nitabaki. Na akija mwingine mwenye jiko lake, basi tena."

Mama alikuwa ameitafuta kazi hiyo tangu mwaka uliopita. Nilimjua alivyo akitaka jambo: halisemi mara mbili. Siku hiyo alilisema mara tatu.

Mjomba aliweka nyundo chini, akachora sakafuni kwa kipande cha mkaa. "Jiko litoke kama mtoto wa meza," alisema. Mtoto wa meza ni lile sanduku la mezani la kuvuta na kusukuma. "Ukitaka kupika unalivuta nje, moshi unakwenda zake. Juu tunaweka wavu wa kuchomea samaki na kuwekea sufuria. Ukimaliza, likapoa, unalisukuma ndani. Sasa nataka vipimo."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Gari lilikuwa linaondoka kwenda Makurunge kabla ya adhuhuri, lirudi Jumanne. Mjomba naye alikuwa na masufuria ishirini ya watu wa maulidi, yote yanavuja, na wenyewe wanayangoja jioni ile.

"Mwanahija, wewe hesabu unazijua," aliniambia. "Chukua futi yangu. Nataka upana, kimo, na kina chake kwenda ndani. Basi. Usiniletee hadithi."

Futi yake ilikuwa ile ya mbao ya kukunja, na aliipenda kuliko sisi sote. Niliishika kwa mikono miwili mpaka nilipofika kwenye mti wa mkungu wa kina Dija, rafiki yangu. Dija alikuwa chini ya mti, ameinua uso juu.

"Zimeiva, Mwanahija, tazama zilivyo nyekundu! Lakini sina fimbo."

"Hata mimi sina."

"Na hiyo mkononi?"

"Hii ni futi ya mjomba."

"Ukiikunjua si fimbo hiyo?" alisema Dija.

Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Niliikunjua, nikairusha. Zilianguka kungu mbili. Futi haikuanguka. Ilinasa kwenye panda la juu kabisa, ikatulia huko kama iko kwao. Tulirusha mawe, tukarusha viatu, tukaimba na kubembeleza. Wapi! Mara tukasikia honi ya gari la afya bomani, ndefu na yenye hasira.

Tulikimbia. Bwanausi, dereva, alikuwa amekwisha washa mashine. Alipotuona akasonya.

"Nyinyi ndio mafundi? Haya, pimeni upesi. Nangojwa Makurunge!"

Nilifungua mlango wa sanduku nikabaki nimeshika tama. Nipime na nini? Dija akaninong'oneza, "Mwalimu si alisema shibiri moja ni inchi tisa?"

Kweli alisema. Nilitandaza mkono, kidole gumba huku na kidole cha mwisho kule. Upana, shibiri tatu. Kina, shibiri nne. Kimo, shibiri mbili. Zilitoka kamili bila kuzidi wala kupungua, nikafurahi kama mjinga. Njiani nilizidisha kwa tisa: inchi ishirini na saba, inchi thelathini na sita, inchi kumi na nane.

"Umepima kwa futi?" mjomba aliniuliza.

Ningeweza kusema la. Neno lenyewe ni dogo. Lakini nilimwona alivyojaa masizi, na masufuria kumi na moja yamebaki, nikaogopa kelele zake.

"Ndiyo, mjomba."

"Futi yenyewe iko wapi?"

"Bwanausi ameiazima," nilisema, na kabla sijamaliza kulisema nilijua nimejitia kitanzi.

Mjomba alikuja juu. "Dereva na futi wapi na wapi? Anapima usukani?" Tangu hapo Bwanausi hakuwa na jina jingine nyumbani kwetu ila "yule mla futi." Mjomba alitoa futi kamba ya marehemu bibi, iliyokatika inchi nne za mwanzo, akafanya kazi nayo. Kila akitaka inchi ishirini na saba ilimpasa aisome thelathini na moja. Alikuwa akihesabu kwa sauti, anakosea, anafuta, anaanza tena, na kila akikosea anamlaani Bwanausi. Siku tatu nzima! Alikata bati zito la pipa, akatoboa matundu ya hewa, akafunga vyuma viwili vya kutelezea. Mimi nilimshikia bati, nikiomba Mungu mkono wangu uwe umesema kweli.

Jumanne baada ya sala ya adhuhuri tulilipeleka jiko bomani kwa mkokoteni. Mama alitutangulia, amebeba sufuria na mwiko, amevaa kanga mpya. Bwanausi alifungua mlango wa sanduku. Mjomba na yeye wakanyanyua jiko, wakalisukuma.

Ngaa! Likagonga mlango, likasimama.

Waligeuza huku, wakageuza kule. Walilisimamisha, wakalilaza. Jiko lilikataa katakata. Lilizidi kila upande, na hata kipofu angeona kwamba halikutengenezewa gari lile.

Bwana Afya alitoka ofisini, akatazama, akavua miwani. "Fundi Mtoro, Alhamisi alfajiri mimi naondoka. Sitangoja."

"Mwulize dereva wako!" mjomba alibwata. "Angeirudisha futi yangu, nisingepima kwa kamba iliyokatika!"

"Futi gani?" aliuliza Bwanausi.

"Futi yangu ya mbao uliyoiazima kwa mtoto huyu!"

"Mimi? Wallahi sijaiona futi yako! Mzee, una wazimu?"

Walisogeleana, mmoja na jiko mguuni, mwingine na spana mkononi. Bwana Afya akaingia kati, naye akapigiwa kelele na wote wawili. Mama alikaa kwenye ngazi ya bomani, sufuria mapajani.

Kisha mjomba alitia mkono mfukoni. Akaishika ile futi kamba, akaitazama pale ilipokatika. "Yawezekana ni mimi," alisema polepole. "Nne hizi za kujumlisha zilinizunguka kichwa. Huenda nilikosea, dada. Macho yangu siku hizi... Nisamehe. Nimekukosesha kazi."

Hilo lilinishinda. Kelele zake ningeweza kuzivumilia mpaka kesho. Lakini kumwona anaomba radhi kwa kosa langu, mbele ya watu, sikuweza. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

"Si wewe, mjomba. Hukukosea. Bwanausi hakuazima chochote. Futi iko juu ya mkungu wa kina Dija. Nilipima kwa shibiri."

"Shibiri ya nani?" aliuliza mjomba.

Swali gani hilo? Nilinyosha mkono. Akaushika, akautandaza juu ya futi kamba, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena kuhakikisha. Kisha akatandaza wake juu ya kamba ile ile. Wake ulikuwa inchi tisa kamili. Wangu ulikuwa saba.

"Saba!" alisema. "Mwalimu wako alisema shibiri ya mtu mzima, mwanangu. Wewe ulipima gari la serikali kwa mkono wa mtoto!"

"Na mimi," alisema Bwanausi, "nimeitwa mwizi kwa ajili ya kungu?"

"Kungu mbili," nilimjibu huku nikilia, nikaona mdomo wa Bwana Afya unacheza.

Mama hakucheka. Aliinuka, akanijia. "Mwanahija, ulijua ninavyoitaka kazi hii?"

"Nilijua, mama."

"Basi," alisema, akageuka kwenda zake. Angenipiga kofi ningejisikia nafuu.

Mimi nilipiga hesabu mchangani kwa kijiti: tatu mara saba, nne mara saba, mbili mara saba. Nikasema upana ni inchi ishirini na moja, kina ishirini na nane, kimo kumi na nne. Mjomba alizifuta hesabu zangu kwa mguu. "Futi kwanza," alisema.

Bwanausi alitafuta mwanzi mrefu, tukaenda kwa kina Dija, yeye akinung'unika njia nzima. Dija alitukimbia alipotuona, kisha akarudi mwenyewe kutushikia mwanzi. Futi ilianguka, ikiwa imepauka kidogo kwa jua na umande. Tuliporudi bomani, mjomba alipima sanduku mwenyewe, mimi nikisoma namba kwa sauti na Bwanausi akizisoma baada yangu. Upana ulikuwa inchi ishirini na moja na nusu. Nusu hiyo mkono wangu haukuijua kabisa.

"Una bahati mkono wako ni mdogo," mjomba aliniambia tulipokuwa tukilirudisha jiko. "Ungekuwa mkubwa kuliko wangu, jiko lingekuwa dogo, likacheza humo ndani, na bati jingine la pipa sina. Kubwa nitalikata."

Jumatano tulifanya kazi kutwa. Mjomba alifumua jiko zima, akakata, akakunja, akagongomea upya. Mimi nilipiga tupa kwenye kingo mpaka vidole vikatoa malengelenge, na hakuna aliyenionea huruma. Bwanausi alikuja kupaka grisi kwenye vyuma vya kutelezea, ingawa si kazi yake. Kabla ya magharibi tulilipeleka tena. Mjomba alilisukuma kwa mkono mmoja. Liliingia mpaka mwisho, likatoka, likaingia. Mama aliwasha makaa, akabandika uji wa mtama wenye karanga, na kwenye wavu akachoma samaki wawili wa changu. Bwana Afya alionja, akasema safari ipo.

Alhamisi alfajiri tulikwenda kumuaga mama. Jiko lilikuwa na komeo la nje, ili lisichomoke kwenye mashimo ya barabara ya Miono. Kazi ya kulifunga nilipewa mimi. Nililisukuma likalia, nikalivuta kujaribu. Lilikuwa limeshika sawasawa.

"Umefunga?" mjomba aliniuliza.

"Nimefunga, mjomba."

Nilikuwa nasema kweli. Lakini mjomba aliinama mwenyewe, akalivuta komeo, akalitikisa mara mbili. Bwanausi alishuka kwenye usukani, akaja kulitazama. Hata mama alichungulia dirishani. Nilisimama hapo, uso unawaka kwa hasira na aibu.

"Mjomba, nimekuambia nimefunga! Kwa nini huniamini?"

Alijipangusa mikono, akanitazama bila ukali. "Jiko lilikuwa bovu siku moja, nikalikata, likapona. Neno lako silikati kwa mkasi, mwanangu. Nilikuuliza kama umepima kwa futi, ukasema ndiyo, nikakata bati zima kwa ndiyo hiyo. Sasa ukisema ndiyo, mgongo wangu utainama kwanza. Sema kweli leo, sema kweli kesho, hata katika jambo dogo ambalo hakuna wa kukuuliza. Ikifika siku nisiiname tena, ujue umeipata ndiyo yako."

Mama alinipungia mkono, gari likaondoka, na jiko halikutikisika. Tulirudi nyumbani, mjomba mbele na mimi nyuma. Aliinama mwezi ule wote, na mwezi uliofuata, na mimi sikumlalamikia tena. Ilikuwa karibu na Ramadhani aliponiuliza kutoka ndani kama nimefunga mlango wa karakana.

"Nimefunga, mjomba."

Nilingoja kusikia viatu vyake vikija. Havikuja.