Mdundo Kichwani mwa Sesilia

Ndi-ndi, ndi-ndi. Kila Jumamosi mchana, kabla hujafika kwa Mzee Albano kule Temeke, ngoma ilikupokea njiani. Ukiingia uani ulimkuta mwenyewe, mchonga vinyago kutoka Newala, ameibana ngoma kwa magoti, na binti yake Sesilia, wa miaka kumi na miwili, akiongoza wachezaji. Mwaka ule wa 1953 watoto wa Temeke walijiandaa kushindana na wa Kinondoni.

Hata ngoma iliponyamaza, kichwa cha Sesilia kiliendelea kutikisika kidogo kidogo, kwa mpigo. Mwinjuma, mwenzake wa darasani na wa ngomani, alimwita mjusi. Baba yake alijivunia. Aliwaambia majirani kwamba binti yake kazaliwa na ngoma damuni. Basi Sesilia hakuthubutu kumwambia kwamba kifua kinambana, na kwamba hulala ameegemea ukuta ili apate pumzi.

Jumamosi moja alianguka katikati ya wimbo. Mwinjuma ndiye aliyemwinua, na tangu hapo hakumtania tena.

Kwenye zahanati Daktari Gozbert alimsikiliza kifua kwa makini. Mzee Albano akamsimulia kwa fahari habari za kile kichwa.

"Mzee wangu, hiyo si ngoma," daktari alisema kwa upole. "Pale damu inapotoka moyoni kuna vijilango vyembamba. Ikishapita, hujifunga isirudi. Vya mwanao vimeumbwa vibaya, havifungi sawasawa. Damu inavuja kurudi ndani, moyo unaisukuma tena kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayotikisa kichwa."

Akaeleza kwamba hana dawa ya kuvinyoosha vijilango hivyo, ila ya kupunguza shida ya pumzi anayo. Kucheza basi. Kuimba ameketi, ruhusa.

Mzee Albano alimuuliza binti yake kwa nini alificha. Sesilia akajibu kwamba hakutaka kumwondolea furaha.

"Furaha yangu ni wewe, si uchezaji wako," baba alisema. "Mwili ukilalamika, sema. Ukinyamaza, hata anayekupenda atakupigia ngoma mpaka uanguke."

Siku ya mashindano Sesilia aliongoza nyimbo akiwa kwenye kigoda, Mwinjuma akaongoza wachezaji. Ngoma ilipokolea, kifua kikaanza kumbana. Uwanja mzima ulikuwa unashangilia. Sesilia akainua mkono.

Ngoma ikanyamaza. Watu wa Kinondoni wakacheka, wakauliza kama Temeke wameishiwa nyimbo. Mzee Albano hakuwajali. Alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Nimechoka, baba," Sesilia alisema.

"Umefanya vyema kusema. Na mimi nakuahidi, mwanangu, kila utakapoinua mkono nitasimamisha, hata tukishindwa."